Miduara ya Bumula

Hesbon aliuza viti, na picha aliziuza kwa ajili ya viti. Mteja akiingia dukani kwake Kitale kutafuta seti ya sofa, Hesbon alimtafutia na picha ya kutundika juu yake, na kipimo chake kilikuwa kimoja tu: rangi ya picha isigombane na rangi ya kitambaa. Kwa kipimo hicho alikuwa ameuza kazi nyingi za mchoraji Hiram Wabwile. Sasa kwa kuwa Hiram alikuwa amelala mochari, bei ilikuwa imepanda, na Hesbon hakuwa na haya ya kusema hivyo.

Inspekta Chepchumba alisimama mbele ya picha iliyotundikwa ukuta wa mwisho, juu ya sofa ya kahawia ambayo bado ilikuwa imefunikwa nailoni. Haikuwa na mtu wala mti. Ilikuwa miduara mitupu, ya rangi ya chungwa ndani ya ile ya kahawia, safu juu ya safu, vile kuta na mapazia yalivyopambwa miaka ya sabini, enzi ambapo sebule isiyo na miduara ilionekana kama ya mtu asiyejiweza. Hiram alijulikana kwa hilo. Alichukua mapazia ya zamani, mazulia ya mpira, vitambaa vya kroshia vya kufunika migongo ya viti, akavigeuza kuwa picha. Lakini katika hii palikuwa na kitu kimoja kisichofuata mpangilio. Mstari mwembamba wa rangi ya udongo ulianzia chini kushoto, ukapanda ukijipinda, ukagawanyika karibu na juu, na njiani ulikata miduara bila kuomba ruhusa.

Chepchumba alimuuliza Hesbon aliipata lini.

"Machi, madam. Si nilishaambia hao vijana wako? Machi, mwanzo mwanzo."

Akaeleza kila kitu kwa raha, mikono juu ya tumbo. Hiram aliileta mwenyewe, wakakubaliana bei, wakanywa chai. Alijibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa, na Chepchumba hakuwaamini watu wa namna hiyo. Kusema haki, hata wale waliochelewa kujibu hakuwaamini. Kituoni walimtania kwamba chai yenyewe huiangalia mara mbili kabla ya kuinywa.

"Na huu mstari?"

"Huo ni mto. Nzoia. Alinieleza mwenyewe, hapo tu umesimama, mwezi huo wa Machi. Akasema hii ni sebule ya mamake kule Bumula, na mto ni wa nyumbani. Mimi ni wa Myanga, madam, hiyo nyumba nimekunywa chai ndani tangu nikiwa kijana."

"Mazishi ya huyo mama ulienda?"

Hesbon akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mama alizikwa Mei, na yeye wiki hiyo nzima alikuwa Nairobi kununua vitambaa. Alituma dereva na makreti ya soda.

Chepchumba aliinama karibu na kona ya chini ya picha. Hapo rangi ilikuwa imebonyezwa, na katika ubonyezo ule zilionekana nyuzi zilizopishana, alama ya gunia. Alipouliza, Hesbon alicheka. Hiram alikuwa mtu wa haraka, akasema, alikuwa akibeba kitu hata kama hakijakauka vizuri. Lilikuwa jibu linalowezekana. Sajini Ngige, aliyekuwa amekuja na kamera ya kituo, akapiga picha ile mara kadhaa, na wakaondoka.

Kesi nzima ilining'inia kwenye ile Machi ya Hesbon. Hiram alikutwa Jumatatu asubuhi, mwanzoni mwa Juni, katika chumba chake cha kazi kwenye nyumba kuukuu aliyokuwa amepanga Kitale, kichwa kimepasuka kwenye ukingo wa ngazi ya saruji. Aliyewaita watu alikuwa mpwa wake Viola, binti wa dada yake, aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Viola alisema kwamba Jumapili alipotoka kwenda kanisani, kisha kwa rafiki yake alikolala, picha kubwa ya miduara ilikuwa imeegemezwa ukutani ikiwa bado mbichi. Aliporudi, mjomba alikuwa chini na picha haikuwapo. Polisi wakaizunguka Kitale, wakaikuta picha kwa Hesbon, na Hesbon akasema ilikuwa kwake tangu Machi. Basi msichana alikuwa ameongopa. Majirani nao walikuwa wamesikia akigombana na mjomba wake wiki ile, na ufunguo wa nyumba alikuwa nao. Jumatatu iliyokuwa ikija angepelekwa kortini kushtakiwa mauaji, na mauaji si kesi ya kutoka kwa faini. Ni kitanzi, au jela mpaka uzee.

Tena Viola hakuwa amelia. Hakulia siku ile mbele ya maiti, wala alipofungwa pingu. Hilo lilikuwa limemkaa Chepchumba rohoni kuliko ule ugomvi na ule ufunguo, na ndilo lililomfanya aidhinishe akamatwe bila kusita.

Kabla ya kutoka Kitale alipitia seli. Viola alikaa sakafuni, magoti yamekunjwa, kucha bado zina rangi ya chungwa. Alirudia yale yale. Mjomba aliianza picha ile waliporudi kutoka mazishini. Waligombana kwa sababu yeye Viola alitaka iuzwe, walipe kodi ya nyumba, na mjomba akakataa. Alitaka kuipeleka nyumbani Bumula.

"Sebule ya nyanya yako ina miduara kama ile?"

"Ukifika kwa kukhu utaona," akasema Viola, akimaanisha nyanya yake. Kisha akainamisha uso. "Ama hutaona. Hiyo ni mama ataamua."

Chepchumba alimtazama sana. Mtu anayesema kweli, aliwaza, kwa nini aizungushe hivyo?

Ngige aliiendesha Land Rover kupitia Kamukuywa na Webuye, wakapita Bungoma mjini na kuingia barabara ya Bumula mchana ukiwa umechangamka. Nyumba ya marehemu mama ilikuwa ya matofali, paa la mabati mekundu, na mlangoni palikuwa na debe la rangi ya krimu na brashi iliyoloweshwa. Mwanamume mwenye madoa ya rangi hiyo vidoleni alitoka akijifuta. Huyu ndiye Jairus, ndugu mdogo wa Hiram, mwalimu wa shule ya msingi, na hakufurahi kuwaona.

Alisema anapaka sebule kwa sababu wageni wa mazishi ya Hiram wangekuja wiki ijayo. Chepchumba aliuliza kama Hiram angependa. Jairus akajikuna shingo. Hapana, Hiram hakutaka kuta za nyumba ile ziguswe, na waliwahi kutupiana maneno juu ya hilo.

"Mlikosana lini?"

"Mei. Lakini madam, si watu wa nyumba moja wanakosana tu? Ati sasa nimekuwa suspect?"

Mtu aliyegombana na marehemu, anayepaka rangi juu ya vitu kabla marehemu hajazikwa, alistahili kuangaliwa kwa makini. Aliingia sebuleni.

Kuta zilikuwa za krimu, zilizochakaa, na Jairus alikuwa ameanza kupaka upya upande wa mlango. Viti vilivaa vitambaa vyeupe vya kroshia. Ukuta wa nyuma ulijaa kabati moja kubwa la vyombo, la mbao nzito na milango ya vioo, limepangwa vikombe vya wageni ambavyo pengine hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Hapakuwa na mduara popote. Ngige alimwangalia bosi wake kwa jicho la kusema tumechoma mafuta bure.

Basi msichana aliongopa tena, na Hesbon naye pia, aliyedai amekunywa chai humu tangu ujana na kuitambua sebule katika picha. Wote wawili hawawezi kuwa waongo wa uongo mmoja. Chepchumba alitembea taratibu kando ya ukuta mpaka kwenye kabati, akabandika shavu lake ukutani kabisa na kuchungulia kwenye upenyo. Krimu iliishia pale. Fundi aliyepaka zamani alikuwa ameona uvivu wa kulisogeza kabati, akapaka akilizunguka. Ndani ya upenyo, mwembamba kama kidole, palikuwa na rangi ya chungwa.

"Litolewe hili," akasema.

Jairus alisimama ghafla kati yake na kabati. "Hiyo haiwezekani."

Chepchumba alikuwa na hakika sasa kwamba kuna kitu kimefichwa nyuma yake, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye pingu, ndipo sauti ya mwanamke ikatoka mlango wa jikoni. Alikuwa Phelista, dada mkubwa, mama yake Viola, kanga kiunoni na unga mikononi.

"Usimshike huyo. Mimi ndiye nimemkataza," akasema. "Hiyo kabati haitolewangi, mama. Baba aliweka hapo. Ilitoka siku ya kifo ya baba, ikatoka siku ya mama. Ukitoa na hakuna mtu amekufa kwa hii nyumba, ni kama unaita mwingine."

Ngige hakuelewa, na alisema hivyo. Yeye alizaliwa kwenye shamba la wazazi wake nje ya Kitale, na kwao maiti hutoka mochari ikaenda kanisani na kaburini. Phelista akamweleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Huku maiti hurudi nyumbani, hulala sebuleni usiku wa mwisho na watu wake wakiwa wameizunguka. Kwa hiyo viti hutolewa nje, meza hutolewa, na kabati hili nalo hutolewa, kwa sababu mbele ya ukuta ule ndipo jeneza huwekwa. Hiram je, si amekufa? Amekufa, lakini Hiram ana nyumba yake ng'ambo ya boma, na mwanamume hulazwa kwake.

"Tumezika mama, sasa tunazika Hiram," akasema. "Na mtoto wangu ako kwa seli. Unataka niite nani sasa?"

Ngige alinong'ona kwamba kisheria hawahitaji ruhusa yake. Alikuwa sahihi. Chepchumba alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akavua kofia. Alikulia Kapsokwony, na huko nako kulikuwa na vitu ambavyo bibi yake asingekubali viguswe, hata kama serikali nzima ingekuja na barua.

"Mama Viola," akasema, "Jumatatu anaenda kortini. Kuna mtu anasema ile picha ilichorwa Machi, na Viola anasema ilichorwa baada ya mazishi. Mimi sijui nani anaongopa. Huenda ni Viola. Kama kuna kitu nyuma ya hii kabati kinaweza kusema, basi kiko hapo. Sina kitu kingine."

Phelista aliuangalia mlango, akaliangalia kabati. Kisha akapangusa unga kwenye kanga, akaenda kufungua milango ya vioo, akaanza kutoa vikombe kimoja kimoja na kuvipanga mezani. Jairus alipoona hivyo alikuja kumsaidia.

Ilibidi wanaume wawili wa jirani waitwe. Kabati lilitoka likilalamika, likavuka mlango kwa kuinamishwa, likawekwa uani juani.

Ukuta ulikuwa pale. Miduara ya rangi ya chungwa ndani ya kahawia, safu juu ya safu, mbichi kana kwamba fundi alikuwa ameenda tu kula. Jairus alieleza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto wa nyumba ile, kwamba baba yao alikuwa karani Kitale, akaona karatasi ya ukutani kwenye nyumba ya bosi wake, na alipojenga hapa akamwita fundi akate mfano wake kwenye kadibodi na kuugonga kwa sifongo ukuta mzima. Kila kitu kilifutwa na krimu, isipokuwa hapa.

Chepchumba hakuwa akiangalia miduara. Kutoka sakafuni, upande wa kushoto, ulipanda mstari wa udongo, ukijipinda, na karibu na juu ukagawanyika.

"Hii ni nini?"

"Mchwa," akasema Jairus. "Tulipotoa kabati siku ya mama tukakuta wamekula mbao ya nyuma na wamejenga njia mpaka juu. Hata sisi tulishtuka. Tukapiga dawa, tukabandua udongo, ikabaki hiyo alama."

"Siku baba yenu alikufa, alama ilikuwepo?"

Haikuwepo, wakajibu wote wawili, ukuta ulikuwa safi. Na tangu baba mpaka mama kabati halikuwahi kusogezwa. Baada ya mazishi ya mama lilirudishwa siku iliyofuata. Hesbon? Hapana, Hesbon hakufika, waliona soda zake tu.

Phelista alikuwa ameketi kizingitini. Alisema kwamba usiku ule wa kukesha na mama, Hiram alikaa kwenye kona akiutazama ukuta kuliko alivyotazama jeneza. Watu walinung'unika kwamba hana hata chozi la mama yake. "Hawajui sisi," akasema. "Watu wa hii nyumba machozi hayatoki haraka. Hata Viola ako hivyo."

Chepchumba aliona aibu, ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni. Alijishughulisha na kamera. Walipokuwa wakiondoka, Ngige alijitolea kusaidia kulirudisha kabati ndani. Phelista alikataa. Likae hapo hapo nje, akasema, Viola atakuja kushika upande mmoja.

Walipitia studio Bungoma mjini, wakangoja picha zioshwe. Walizipanga juu ya kaunta, za dukani upande mmoja na za ukutani upande wa pili. Mstari ulianzia mahali pamoja, ukakata miduara ile ile, ukagawanyika vile vile. Ngige aliguna tu, akawasha gari.

Hesbon alikuwa akipangusa viti vumbi ili afunge. Chepchumba alimwambia hatakaa, ila sajini hakuwa ameandika vizuri ile habari ya mto, kwa hiyo angependa airudie. Hesbon aliirudia kwa moyo mkunjufu, na wema wake ukaongezeka njiani. Huu ni Nzoia, alisema, na hapa unapogawanyika ni kule Webuye, kwenye maporomoko. Yote hayo Hiram alimweleza Machi.

Chepchumba alimkabidhi picha ya ukuta.

"Hii ni wapi?" akauliza Hesbon.

"Sebule uliyokunywa chai tangu ujana. Nyuma ya kabati."

Hesbon aliigeuza picha, akaigeuza tena. Alijua vizuri kwamba kabati hutoka siku ya maiti, ni mtu wa huko. Lakini wiki ile alikuwa Nairobi, na picha za Hiram hakuwahi kuzitazama zaidi ya rangi.

"Huo mto wako ni mchwa," akasema Chepchumba. "Walipita hapo kabati likiwa limefunika ukuta. Hakuna mtu aliyewaona mpaka Mei. Sasa niambie Hiram alizichora vipi njia zao Machi. Na uniambie ni nani alifunga picha kwa gunia ikiwa mbichi."

Hesbon alikaa kwenye sofa ya kahawia, na nailoni ikalia chini yake. Kwa mara ya kwanza alichelewa kujibu.

"Alikataa kuuza," akasema hatimaye. "Nilikuwa na mteja wa Eldoret, ametaka ya miduara kabisa, ya kufanana na viti. Hiram ati hapana, hii inaenda kwa mama. Mama amekufa, bana. Nikaishika, akaishika. Nilimsukuma tu. Ile ngazi sikuiona."

Ngige alimfunga pingu, na Chepchumba mwenyewe akaiteremsha picha kutoka ukutani, kwa uangalifu, akiishika kingo.

Kituoni aliomba funguo za seli, akafungua. Viola aliinuka akiegemea ukuta, kwa uzito wa mtu ambaye hatarajii habari njema. Chepchumba alimwambia kwamba wameuona ukuta wa Bumula, na kwamba Hesbon amekamatwa na amekiri. Alimwambia pia kwamba yeye, Chepchumba, alikuwa amemshuku kwa sababu ya machozi, na kwamba alikosea. Viola alisikiliza yote bila kubadilika uso. Hakuuliza Hesbon alisema nini wala picha iko wapi.

"Uliuonaje ukuta?" akauliza. "Mama alikubali kabati litolewe?"

"Alikubali. Alitoa vikombe kwa mikono yake."

"Na Uncle analazwa kwake. Hakukuwa na maiti kwa hiyo nyumba."

"Hakukuwa," akasema Chepchumba. "Alilitoa kwa ajili yako. Liko nje uani, na amekataa lirudishwe mpaka uende ushike upande mmoja."

Viola alikaa tena palepale sakafuni, akaficha uso kwenye magoti, akalia.